Mwenye kuongoza asiyeona asilipishwe kiti
(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi)



Leo naanza na mbwa. Musicheke kwanza. Najua kwetu mbwa ni ya kulinda lupango, na mutu akipanda nayo ndani ya bisi ya Katuba, nusu ya abiria watatokea kwa dirisha. Lakini kuna inchi ambako asiyeona anatembea na mbwa iliyofundishwa kumuongoza: inasimama gari zikipita, inamuzungusha shimo, inamufikisha kwenye mulango. Shule za namna hii zilianza Ujerumani mwaka 1916, juu ya waaskari waliotoka vitani bila macho. Marekani ilifungua ya kwake mwaka 1929. Kufundisha mbwa moja tu kunakula wakati mrefu na pesa nyingi, na sikuje hapa kuomba Leta itununulie mbwa. Leta yenyewe haijamaliza kuziba mashimo.

Kinachonivuta ni sheria iliyokuja nyuma ya ile mbwa. Kule Uingereza, sheria ya mwaka 2010 inamulazimisha shofere wa taksi kumubeba asiyeona pamoja na mbwa yake, na haruhusiwi kuongeza bei juu ya mbwa. Akikataa, tribinali inaweza kumulipisha amende mpaka pauni 1,000. Na kama shofere ana ugonjwa unaoletwa na manyoya, anaomba karatasi ya kumuondoa katika ile lazima. Walimufikiria na yeye pia, na napenda hivyo. Mbwa inalala chini, kwenye miguu ya mwenyewe, hailipi kitu. Ile sheria haiihesabu kama abiria wa pili. Inaihesabu kama macho ya abiria wa kwanza.

Sasa turudi kwetu. Hapa macho ya asiyeona ni mutoto. Munamujua: anatembea mbele, ameshika ncha ya fimbo, muzee ameshika ncha ingine. Wanafika kwa parkingi, wanapanda, na reseveri anaanza: "Muko bawili, mulipe nafasi mbili." Muzee anasema mutoto eko paka wa kumuongoza. "Hata kama, na yeye ni mutu!" Basi analipa mara mbili kwenda, mara mbili kurudi. Sisi wenye diplome bila kazi tunahesabu kila franka ya transport, tunajua safari moja inaweza kukula pesa ya bukari. Yeye anahesabu safari ileile mara ine.

Na musiniambie bisi haiwezi kubeba mutu bure. Bisi zetu zinabeba watu bure kila siku. Akipanda mwenye uniforme, nani anamuomba franka? Reseveri anaangalia upande ingine, shofere anapandisha miziki, na sisi wote tunanyamaza. Kumbe nafasi ya bure iko. Tumeipa mwenye nguvu, njo tumekosa ya mwenye haki.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Mutoto mudogo sana, akikaa kwenye magoti, mara mingi reseveri anamuacha. Sasa ujiweke mahali pa ile familia: utamutuma nani kumuongoza muzee? Utamutuma mudogo, kwa sababu ni yeye asiyelipa. Akikomaa na kuanza kulipishwa, unamurudisha nyumbani, unakamata mudogo wake. Nafikiri kwa njia hii bei ya bisi inachagua yenyewe mutoto gani hataingia darasani. Tangu 2019 Leta inasema masomo ya primeri ni bure. Ni bure kwa yule anayefika shuleni. Yule aliye ndani ya bisi saa ine ya asubui, fimbo mukononi, ile bure haimuhusu.

Kwa hiyo hatuombi "watoto wasilipe". Tunaomba mwenye kuongoza asilipe, awe na myaka mingapi. Hapo ndipo jirani mukubwa, shemeji, kijana asiye na kazi kama sisi, ataweza kwenda na muzee, na mutoto atabaki shuleni.

Watatuuliza haki hiyo imeandikwa wapi. Katiba yetu, artikle ya 49, inasema mwenye ulemavu ana haki ya kulindwa kufuatana na mahitaji yake. Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya watu wenye ulemavu, Congo iliyaingia mwaka 2015, na artikle ya 20, kwa Kifaransa, inataja waziwazi msaada wa mutu ao wa nyama, kwa bei ambayo mutu anaweza. Mutu ao nyama, katika mustari mumoja! Mbwa ya London na mutoto wa Katuba wako pamoja pale. Tena tuko na sheria yetu wenyewe, ya tarehe 3 Mei 2022, juu ya haki za watu wenye ulemavu. Karatasi hazikosekani. Kinachokosekana ni mustari mumoja ndani ya ile amri ya bei ya transport, ile ambayo mashofere na mapolisi wa barabara wanajua kwa kichwa.

Shofere si adui. Jioni mwenye gari anangojea pesa yake, na reseveri akipungukiwa, ni yeye anajaza. Na tusisahau: ile kelele yake ya "Kenya, Kenya, Katuba!" ni musaada mukubwa kwa asiyeona kuliko kibao chochote cha Leta. Tukiongea naye tuanze hapo, bila matusi.

Ukiwa ndani ya bisi na wanamulipisha muzee nafasi ya pili, usiharakishe kutoa franka zako. Ukimulipia, itabaki sadaka, kesho watamuomba tena. Kwanza uliza kwa sauti, abiria wote wasikie: "Huyu analipa juu ya nini?" Wakimushusha, hapo lipa, na andika namba ya gari na saa.

Barua kwa gavana iko tayari, kurasa mbili. Tutaisoma yote kwa sauti kabla ya kutia sahihi, juu wenye inahusu zaidi hawataweza kuisoma kwenye karatasi. Wamoja wao wamekaa pale mbele. Muwapishe kwanza.