Wanaume na Saratani ya Matiti



Twaomba kusema neno ambalo sisi wanaume hatupendi kulisikia. Mwanamume naye ana nyama ya titi, ingawa ni kidogo, na saratani yaweza kuota humo. Ni nadra: katika wagonjwa 100 hafiki mmoja. Hata hivyo Richard Roundtree, mchezaji sinema wa Marekani, alipatikana nayo mwaka 1993; akapasuliwa, akaishi hadi mwaka 2023. Mwenzetu mmoja alificha uvimbe wake mwaka mzima, akiona haya kuketi foleni moja na wanawake. Kwa kuwa haukuuma, alisema ni jipu.

Na waume wa wagonjwa je? Kuuza mbuzi ili mke apate nauli ya Kitui au Nairobi ni vyema, lakini hakutoshi. Aliyekatwa titi na kupasuliwa kwapani hawezi kubeba mtungi kwa majuma kadhaa. Basi mume na aubebe yeye, wacheke wanaocheka. Wako waliowarudisha wake zao kwa wazazi. Hao hatuwasifu.

Mfuko wetu hulipa nauli ya mgonjwa peke yake. Twaomba ulipe na ya mume anayemsindikiza.