Pasaka ya Wayahudi na Mwandamo wa Mwezi

Wasikilizaji, mwaka 2024 Wakristo wengi waliadhimisha Pasaka tarehe 31 Machi, lakini Wayahudi hawakuanza yao ila jioni ya tarehe 22 Aprili. Wako waliodhani kwamba mmoja wao amekosea hesabu. Sivyo.

Pasaka ya Wayahudi ni ukumbusho wa kutoka utumwani Misri. Waliondoka kwa haraka, hata unga haukupata nafasi ya kuumuka. Ndiyo sababu sikukuu nzima hawali kitu chenye chachu, nayo hutafutwa nyumbani kwa mshumaa usiku unaotangulia. Mezani huwekwa mboga chungu, na mtoto mdogo kuliko wote huuliza kwa nini usiku huu si kama mwingine. Wakubwa humjibu kwa kumsimulia habari yote.

Siku yenyewe ni tarehe 15 ya mwezi wa Nisani, nayo huanza jua lichwapo. Miezi kumi na miwili ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Waislamu huuacha upungufu huo, na kwa hiyo Ramadhani huzunguka majira yote. Wayahudi hawawezi, maana Torati imeamuru Pasaka iwe katika mwezi wa masuke ya shayiri. Basi huongeza mwezi mzima mara 7 katika kila miaka 19. Mwaka wao wa 5784, ulioisha 2024, ulikuwa mmojawapo.

Zamani walioona mwezi walikwenda kushuhudia mbele ya baraza la Yerusalemu, na kwa ajili ya Nisani waliruhusiwa kusafiri hata siku ya Sabato, jambo kubwa kwa watu wale. Ushahidi ukikubaliwa, moto uliwashwa Mlima wa Mizeituni, kilima kikajibu kilima mpaka upande wa Babeli. Lakini mapokeo yao yasimulia kwamba Wasamaria, waliokuwa na ugomvi nao, waliwasha moto usiku usio wake ili kuwapoteza. Ndipo wakatumwa wajumbe. Nao hawakuweza kufika Babeli kabla ya sikukuu. Watu wa mbali, wakiogopa kula chachu siku iliyokatazwa, walishika siku mbili badala ya moja.

Baadaye hesabu ya kudumu iliwekwa, na shaka ikaisha. Desturi haikuisha: katika Israeli Pasaka ni siku 7, na nje yake wengi washikao mapokeo ya kale hukaa siku 8 bila chachu.