Gharama Isiyosomwa Katika Bajeti



Kila mwaka, ufikapo mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha huyasoma makadirio ya mapato na matumizi ya serikali, na sisi tulioko mbali na Kampala, huku Nile Magharibi, hutega masikio tupate kujua barabara yetu imetengewa nini, shule zetu zimekumbukwa kwa kiasi gani, na kituo chetu cha afya kimeongezewa au kimepunguziwa. Leo nataka kunena juu ya gharama moja ambayo sijapata kuisikia ikitajwa katika hotuba hiyo, ilhali hulipwa kila siku ya Mungu, na walipaji wake wakubwa ni watu wasio na kitu: gharama ya katazo la kutoa mimba.

Najua ya kuwa jambo lenyewe ni zito, na kwamba wengi wanaonisikiliza, Wakristo kwa Waislamu, huliona kuwa dhambi. Sikuja kubishana na imani ya mtu. Nimekuja kuuliza swali ambalo kila mtu mwenye insafu, awe na msimamo upi, yampasa alijibu: dola inapoweka katazo, kisha katazo hilo likazaa maradhi, vifo na mayatima, ni nani anayelipa?

Tuanze na sheria. Sheria ya Adhabu, tuliyoirithi kwa Waingereza na ambayo ilianza kutumika mwaka 1950, humpa kifungo cha hadi miaka 14 amtoaye mwanamke mimba, hadi miaka 7 mwanamke mwenyewe, na hadi miaka 3 atoaye dawa au chombo huku akijua kitatumiwa kwa kazi hiyo. Katiba ya mwaka 1995, katika Ibara ya 22, husema kwamba hakuna mwenye haki ya kukatisha uhai wa mtoto aliye tumboni ila kwa idhini ya sheria. Sheria hiyohiyo ya Adhabu humkinga tabibu anayempasua mama kwa nia njema ili kuokoa maisha yake, lakini kinga hiyo haimtaji kabisa mwanamke aliyebakwa, wala Bunge halijatunga sheria ya kubainisha idhini hiyo huanzia wapi na kuishia wapi. Wizara ya Afya ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa mwongozo wa mwaka 2015, nao ukasimamishwa baada ya kupingwa na viongozi wa dini, hata leo hii mkunga aliye peke yake zamu ya usiku hana waraka wa kumwonyesha polisi atakayemwuliza alifanya nini na kwa nini.

Sasa tuzitazame hesabu. Watafiti wa Makerere na wenzao wa Taasisi ya Guttmacher ya Marekani walikadiria kwamba mwaka 2013 mimba 314,300 zilitolewa nchini Uganda, na kwamba wanawake 93,300 walitibiwa katika hospitali na vituo vya afya kwa madhara yaliyowapata. Miaka kumi kabla ya hapo, makadirio yalikuwa mimba 297,000 na wagonjwa 85,000. Watu wameongezeka katika muda huo, kwa hiyo kiwango kwa kila wanawake elfu kilipungua; walakini mzigo uliobebwa na wodi zetu haukupungua hata kidogo, ingawa vifungo vilivyoandikwa katika sheria vilikuwa vilevile. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kuwatibu wanawake waliopatwa na madhara baada ya mimba kutoka kuligharimu, kwa wastani, dola 131 za Marekani kwa kila mgonjwa, na dola milioni 13.9 kwa mwaka katika nchi nzima. Na lau kila mwenye kuhitaji tiba angaliipata, hesabu ingalifika dola milioni 20.8. Uchunguzi mwingine, wa mwaka 2011, ulijumlisha pia siku za kazi zilizopotea na maisha yaliyokatika, ukapata dola milioni 64 kwa mwaka. Na katika kila mimba moja iliyotolewa, mgonjwa alitoa mfukoni kwa wastani dola 62, ilhali serikali ilitoa dola 14.

Zingatieni tarakimu hizo mbili za mwisho. Serikali ndiyo iliyoweka katazo, na mwanamke, pamoja na baba yake, kaka yake na shangazi yake, ndio wanaolipa zaidi ya mara nne ya kile anacholipa mwenye kukataza.

Hapa Omugo, ambako hapo zamani tulihesabiwa katika Wilaya ya Arua na tangu Julai 2020 tumo katika Wilaya ya Terego, tunacho kituo cha afya cha daraja la nne, ambacho kwa mpango wa serikali yapasa kiwe na daktari, chumba cha upasuaji na damu ya kuongezea wagonjwa, na ambacho huwahudumia wenyeji pamoja na wakimbizi wa Sudan Kusini waliopewa makazi Omugo tangu mwaka 2017. Mgonjwa wa aina ninayoisema aghalabu huletwa usiku, nyuma ya bodaboda, amefungwa kanga mbili, na shangazi yake akimwambia mkunga kwamba ni malaria, maana jina la kweli la ugonjwa laweza kumwita polisi. Saa mbili au tatu hupotea katika kuuficha ukweli na kuutafuta. Kisha mkunga huchana karatasi katika daftari, akaandika glavu, dripu, sindano na dawa ya kuua vijidudu, na kaka yake msichana akakimbia sokoni kumwamsha mwenye duka la dawa. Maana ijapokuwa matibabu katika vituo vya serikali yalitangazwa kuwa bure mwaka 2001, rafu tupu haimtibu mtu. Fedha anayolipia ni bei ya gunia la ufuta lililokuwa likingojewa kulipia karo ya wadogo zake.

Lau msichana huyo angaliletwa mapema, bila hofu, mkunga aliyefunzwa angaliweza kumsafisha kizazi kwa pampu ndogo ya mkono, naye akarudi kwao siku ileile. Kwa kuwa amecheleweshwa na hofu, vijidudu vimekwisha kuingia katika damu, na sasa anahitaji daktari, upasuaji, chupa kadhaa za damu, kitanda cha siku nyingi, na pengine gari la wagonjwa la kumfikisha Arua, ambalo nalo halitembei bila petroli. Hivi ndivyo katazo linavyoigeuza tiba nyepesi kuwa tiba ghali. Na damu aliyotiliwa yeye ni damu ileile ambayo mama mwingine, aliyeitaka mimba yake na kuiombea dua, ataikosa kesho yake.

Na mama huyo mwingine tunamjua. Desemba 2010, Jennifer Anguko, diwani wa Wilaya ya Arua, alifariki katika Hospitali ya Rufaa ya Arua alipokwenda kujifungua, baada ya kukaa saa nyingi bila kupata msaada uliompasa. Kifo chake, pamoja na kile cha Sylvia Nalubowa wa Mityana, kilifikishwa katika Mahakama ya Katiba mwaka 2011. Majaji waliikataa kesi kwanza, wakidai kwamba mambo ya kugawa fedha ni ya serikali na Bunge. Mahakama ya Juu ikaamuru mwaka 2015 kwamba isikilizwe. Na Agosti 2020 ikahukumiwa kwamba serikali, kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi, imevunja Katiba, na kwamba itenge katika bajeti fedha za kutosha kwa ajili ya huduma hizo. Hukumu hiyo ilinunuliwa kwa uhai wa mama wa Arua. Nasi tunaposema kwamba wodi ya wazazi haina fedha za kutosha, huku wodi hiyohiyo ikijazwa na wagonjwa ambao wangaliweza kuepushwa, yatupasa tukiri kwamba mambo haya mawili ni hesabu moja.

Wako watakaosema kwamba uhai haupimwi kwa fedha, nami nakubaliana nao kwa moyo wangu wote. Lakini uhai wa msichana wa Omugo nao haupimwi kwa fedha, na bado hupotea kwa kukosa fedha. Wako pia watakaosema kwamba katazo likikazwa zaidi mimba zitaacha kutolewa. Rumania ilijaribu. Kwa amri ya mwaka 1966 serikali yake ilikataza karibu kabisa kutoa mimba, na ikabana hata njia za kuzuia mimba. Mwaka uliofuata watoto waliozaliwa waliongezeka mno, kisha idadi ikaanza kushuka tena, maana watu walikwisha kupata njia za siri, na vifo vya akina mama vikapanda sana katika miaka iliyofuata. Amri hiyo ilipofutwa Desemba 1989, vifo hivyo vilipungua kwa takriban nusu katika mwaka mmoja, na dola ikajikuta na watoto zaidi ya laki moja katika nyumba za malezi, ambao kila mmoja alihitaji kulishwa, kuvishwa na kutibiwa kwa fedha ya hazina.

Sisi wenyewe, hapa hapa, tuna somo lililo karibu zaidi. Katika miaka ya 1990, ugonjwa wa malale ulipowamaliza watu wetu, kituo cha Omugo kilikuwa makao ya tiba yake, na Madaktari Wasio na Mipaka walipeleka vikosi vijijini kupima damu ya watu waliojiona wazima. Maana aliyegunduliwa mapema alitibiwa kwa sindano za taabu kidogo, na aliyechelewa hata ugonjwa ukafika ubongoni alipewa melarsoprol, dawa yenye aseniki, ambayo yenyewe iliweza kumwua mgonjwa na ambayo ilishindwa kuwaponya wengi. Hakuna aliyemwuliza mgonjwa wa malale kwa nini aliumwa na mbung'o. Aliendewa, akatibiwa, na watu wakapona.

Kwa nini basi msichana wa miaka 16 asiendewe kabla ya balaa? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu msichana mmoja katika kila wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 19 amekwisha kushika mimba. Dawa za uzazi wa mpango ni rahisi kuliko kitanda cha hospitali, lakini nyingi zake zimekuwa zikinunuliwa kwa fedha za wageni. Na mwaka 2025, Marekani ilipokata misaada yake, tuliona wazi ni hatari gani kuukabidhi uzazi wa binti zetu kwa ukarimu wa watu ambao hatuwapigii kura. Huko Abuja, mwaka 2001, Uganda iliahidi pamoja na mataifa mengine ya Afrika kuipa afya asilimia 15 ya bajeti yake, na ahadi hiyo haijatimizwa.

Kwa hiyo nawaomba waheshimiwa wabunge wa Terego, Arua na Koboko, na madiwani wetu wanaokaa kupitisha bajeti za wilaya, watende mambo matatu. La kwanza, gharama ya kuwatibu wanawake hawa iandikwe katika bajeti kwa jina lake, ili kila ailindaye sheria aione bei yake. La pili, mwongozo uliosimamishwa urudishwe, ujadiliwe hadharani na ukamilishwe, ili tabibu ajue mpaka wake. La tatu, fedha ya uzazi wa mpango itoke katika hazina yetu wenyewe.

Na kwenu, kina mama, kina shangazi na wazee wa nyumba: kumtibu mwanamke ambaye mimba imekwisha kutoka si kosa katika sheria ya nchi hii. Binti yenu akiugua, msimfiche. Mpelekeni kituoni usiku uleule, na mwambieni mkunga ukweli.