Moshi Hausomi Namba ya Gari

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Ukisimama nusu saa pale Buzuruga, au kando ya barabara ya uwanja wa ndege pale Pasiansi, utaona namba za magari za kila aina. Nyingi ni za kwetu, zinazoanza na T. Lakini katikati yake zinapita zinazoanza na K za Kenya, U za Uganda, R za Rwanda, na mara mojamoja Z ya Zanzibar. Hilo si jambo la kushangaza. Mwanza ni mji wa ziwa na mji wa njia kuu. Huku tuna mpaka wa Sirari, kule tuna Mutukula, na tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, anayetoka Bukoba au Geita hangoji tena kivuko.

Wageni hao tunawakaribisha. Wanaleta biashara na wanaondoka na biashara. Leo nataka tuzungumze juu ya yale magari yanayokuja na kisha hayarudi.

Hivi karibuni nimezungumza na fundi seremala mmoja wa Nyakato. Sitamtaja jina, maana ana aibu ya kutosha. Mwaka jana alitafuta gari dogo la kubebea mbao na meza za wateja wake. Dalali akamletea moja lenye namba za Kenya, zima, linang'aa, kwa bei iliyokuwa karibu nusu ya ile ya kwenye yadi. Akaambiwa, "Kibali kipo, mambo ya namba utamaliza taratibu." Akatoa pesa, na sehemu kubwa ya pesa hiyo ilikuwa mkopo wa kikundi chake. Baada ya miezi miwili gari likasimamishwa barabarani. Kibali kilikuwa kimekwisha muda, tena kiliandikwa jina la mtu asiyemjua. Dalali hapatikani kwenye simu. Alipofanyiwa hesabu ya kodi, jumla ikazidi ile bei aliyonunulia. Gari limelala hadi leo, mkopo unaendelea kudai, na meza zinabebwa kwa mkokoteni.

Ndugu wasikilizaji, sheria katika jambo hili haifichiki. Gari la kigeni linaingia nchini kwa kibali cha muda, kwa jina la mtu maalumu na kwa siku zilizoandikwa. Siku zikiisha, ama litoke, ama lilipiwe. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, gari linalobaki bila kulipiwa laweza kukamatwa na hata kutaifishwa. Wengi wanadhani kwa kuwa sote tumo katika Umoja wa Forodha tangu mwaka 2005, gari lililolipiwa Mombasa limelipiwa kila mahali. Sivyo. Tumeungana katika ushuru wa forodha wa bidhaa zinazotoka nje ya Jumuiya. Kodi za ndani, pamoja na usajili, kila nchi ina zake.

Wala jambo hili si la mataifa mawili tu. Hata ndani ya Jamhuri yetu ya Muungano, orodha ya Mambo ya Muungano iliyomo katika Katiba ina ushuru wa forodha, lakini haina usajili wa magari. Ndiyo maana gari la Zanzibar lina namba yake ya Z na mamlaka yake. Usajili wa vyombo vya moto ulikaa miaka mingi katika hoja za Muungano zilizojadiliwa na serikali zetu 2. Ikiwa ndugu wa nyumba moja wanahitaji kukaa kikao juu ya namba za gari, dalali wa mpakani anapata wapi uwezo wa kuzimaliza "taratibu"?

Basi hilo ni la mfukoni. Lakini kuna jingine ambalo mafundi wetu na wenye yadi wanalijua, na sisi wengine hatulizungumzi. Ni suala la umri wa magari na moshi wake.

Kenya kwa miaka mingi imekataa kuingiza gari lililotumika ambalo limepita miaka 8 tangu litengenezwe. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilifunga mlango kwa gari lililozidi miaka 15, na lile lililopita miaka 8 likatozwa ushuru wa mazingira. Sisi Tanzania tulichagua njia nyingine. Hatukulifungia mlango gari kuukuu, bali tulilitoza. Ndiyo ile kodi ambayo watu wameizoea kwa jina la uchakavu. Kwa miaka ya karibuni, gari dogo la kutembelea lenye miaka 8 hadi 10 limetozwa asilimia 15 kwa ajili ya umri wake, na lililozidi miaka 10 asilimia 30, mbali na kodi nyingine.

Sasa tazameni matokeo yake. Ziwa ni moja, kanuni ni tatu. Gari la miaka 12 linalokataliwa Mombasa linapokewa Dar es Salaam likilipiwa. Gari la miaka 17 ambalo Kampala hawalitaki, huku kwetu linapata namba ya T na kufanya kazi. Mfanyabiashara hana kosa hapo, maana maji hufuata mkondo. Mlango ulio wazi ndio utakaopitiwa.

Na kwa nini magari hayo yanatafuta mlango? Kwa sababu yalikotoka nako yamefungiwa. Kule Japani gari la kutembelea hukaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka 3, na kisha kila baada ya miaka 2. Ukaguzi huo ni wa gharama, na gari likizeeka mwenyewe huona heri aliuze. Tena yapo mambo ya mikoa. Mwezi Oktoba 2003, jiji la Tokyo na majirani zake watatu, Saitama, Chiba na Kanagawa, walipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango cha masizi. Gavana wa Tokyo wakati huo, Shintaro Ishihara, alikuwa akiwatikisia waandishi wa habari chupa yenye masizi meusi ili waone wanachokivuta. Nataka mlishike hili: marufuku hiyo haikuangalia gari limesajiliwa mkoa gani. Lori la mkoa wa mbali likitaka kuingia Tokyo lilipaswa kuwa na kichujio, au libaki nje.

Lori lililokataliwa Tokyo halikufa kwa kukataliwa. Lilikuwa na nguvu bado, na duniani wapo wanunuzi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, katika ripoti yake ya mwaka 2020, lilieleza kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na sehemu kubwa yalikuja Afrika. Maandishi ya Kijapani tunayoyaona kwenye milango ya malori yetu ni ushahidi wa safari hiyo.

Moshi wa dizeli si uchafu wa macho tu. Mwezi Juni 2012, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka katika kundi la vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu. Na wanaouvuta zaidi si wenye magari wanaofunga vioo. Ni mama lishe mwenye jiko lake karibu na stendi, ni kijana wa bodaboda anayesubiri abiria nyuma ya lori, ni mtoto wa shule anayetembea kando ya barabara asubuhi kutoka Nyakato. Hao hawajui gari lililopita lilikuwa na namba ya nchi gani. Moshi hausomi namba.

Je, dawa yake ni kuiga Kenya na kuweka kikomo cha miaka 8? Wapo wanaosema hivyo, na hoja yao ina uzito. Lakini mimi nina shaka nayo, nami nitasema kwa nini.

Kwanza, gari la miaka 8 si fedha ya mtu wa Kirumba anayeanza maisha. Tukifunga mlango ghafla, tutakuwa tumewaambia wenye kipato kidogo wapande miguu ili wenye kipato kikubwa wapate hewa safi. Pili, na hili ndilo kubwa, umri si moshi. Kikomo cha miaka kinapima siku ya kuzaliwa. Kodi ya uchakavu nayo inapima siku ya kuzaliwa. Hakuna kati yake kinachopima bomba. Ukilipa uchakavu, umelipia moshi ambao hakuna aliyeupima, na kesho yake uko huru kuutoa upendavyo.

Mafundi wetu wanajua ninachosema. Gari linafika kutoka bandarini likiwa na masega yake, yaani kile kifaa cha kwenye bomba kinachosafisha moshi. Baada ya muda mwenye gari anashauriwa ayakate na kuyauza, kwa maelezo kwamba gari "litapumua vizuri". Masega yanakwenda kwa wanunuzi wake, gari linabaki na bomba tupu. Gari hilo laweza kuwa la miaka 7, na likatoa moshi mbaya kuliko la miaka 15 ambalo mwenyewe analitunza, pampu na nozeli zake zikiwa zimepimwa. Kwenye karatasi la kwanza ni jema na la pili ni baya.

Kwa hiyo naona hivi: lipimwe bomba. Gari likija kuomba namba ya T, liwe limetoka Japani, Kenya, Uganda au Zanzibar, lipimwe moshi wake kwa kifaa kabla ya kupewa kadi. Na yaliyokwisha kusajiliwa yapimwe kila mwaka. Mimi ninabandika stika ya Nenda kwa Usalama kwenye kioo changu, na ni jambo jema, lakini sijawahi kuona mtu akiingiza kipimo kwenye bomba la gari langu. Kipimo kina huruma kuliko kikomo cha umri. Kikomo kinamwambia mwenye daladala, "Gari lako limekufa." Kipimo kinamwambia, "Nozeli zako mbovu, nenda katengeneze, urudi." Mtu anabaki na riziki yake, na mtoto wa shule anabaki na mapafu yake.

Wala hatuanzi patupu. Sheria yetu ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za ubora wa hewa ni za mwaka 2007. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya zilikubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika kila sehemu milioni, na salfa ndiyo inayoharibu masega na vichujio. Mwaka 2022 Jumuiya ikatoa kiwango cha pamoja cha moshi wa magari, chenye namba EAS 1047. Karatasi zimekamilika. Kinachotakiwa ni kuzishusha mpaka barabarani, na kuzishusha kwa pamoja, Kisumu, Jinja, Bukoba na Mwanza. Mmoja akipima na mwenzake asipopima, magari yaliyofeli yatahamia kwa yule asiyepima, na huenda tukawa sisi.

Na kwako wewe msikilizaji unayetafuta gari juma hili, nakuomba mambo 3. Usitoe pesa kwa gari la namba ya kigeni kabla ya kufika mwenyewe Mamlaka ya Mapato, na kufanyiwa hesabu ya kodi kwa maandishi. Hakikisha aliyetajwa kwenye kibali ndiye anayekuuzia, na polisi wamethibitisha kwamba gari halikuibwa. Mwisho, mwambie fundi wako akuonyeshe bomba kama masega yamo. Kama hayamo, ujue unanunua gari pungufu, na upungufu huo watauvuta majirani zako.