Mwelekeo wa Kura Arusha Mjini na Meru: Tatizo la Matokeo ya Kituo



1. Istilahi

Jimbo, kata, mtaa na kitongoji mnavifahamu. Wengi wenu, madiwani na watendaji wa kata, mnavisimamia. Kwa "mwelekeo" nakusudia chaguo linalojirudia uchaguzi hadi uchaguzi. Mada hii haimpigii debe mtu wala chama.

2. Historia kwa ufupi

Siasa za Wameru zimeota kwenye ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu wakazi wa Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1952, TANU haijazaliwa, Kirilo Japhet alilifikisha shauri lao Umoja wa Mataifa, New York. Mjini nako upinzani haukuanza na CHADEMA: mwaka 1995 Arusha Mjini ilimpeleka bungeni Makongoro Nyerere kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi. Mwaka 2010 Godbless Lema wa CHADEMA alimshinda Batilda Burian wa CCM. Tarehe 1 Aprili 2012, katika uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, ambalo ndilo jimbo la Meru, Joshua Nassari wa CHADEMA alipata kura 32,972, na Sioi Sumari wa CCM 26,757. Kufikia mwisho wa 2020 majimbo yote mawili yalikuwa mikononi mwa CCM.

3. Matokeo ya kituo

Hapa naomba uvumilivu wenu, maana ndipo kazi yangu ya kusoma mwelekeo wa kura ilipokwama miaka yote.

Kila semina huelezwa kwamba Wameru ni wapinzani, Waarusha ni wa CCM, na mjini upinzani uliletwa na wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro. Karatasi ya kura haiandikwi kabila. Anayesema hivyo anakisia, na makisio hayo yamewagawa majirani.

Zitazameni zile kura 32,972 za Nassari. Ndani yake wamo wakulima wa nyanya wa Ngarenanyuki kwenye ukame, wenye vihamba vya kahawa na migomba vya Akheri na Nkoaranga vilivyogawanywa mpaka havigawanyiki tena, na vibarua wa mashamba ya maua wa Usa River waliotoka mikoa mbalimbali. Je, ni shida ya ardhi iliyomnyanyua Nassari, au ajira ya vijana? Jumla ya jimbo haiwezi kujibu. Ndivyo ilivyo mjini pia, ambako kata zisizofanana kama Kaloleni na Terrat hujumlishwa pamoja.

Jibu lilikuwepo jioni ile ile ya kupiga kura. Kura huhesabiwa kituoni, mawakala hutia saini, nakala ya matokeo hubandikwa nje. Kisha takwimu hupanda kwenye majumuisho, na tunachotangaziwa ni jumla. Ile karatasi ya ukutani hunyeshewa mvua ikaisha. Nimeziomba fomu za matokeo ya kituo kwa mdomo, nikaambiwa niandike barua. Nimeandika, na majibu hayajaja. Sidai kwamba kuna anayezificha. Nadai kwamba hakuna aliyepewa jukumu la kuzitunza ili raia azisome, na hilo halikubaliki. Vyama navyo havijatusaidia: nakala za mawakala hutafutwa kukiwa na kesi, kesi ikiisha hakuna anayezijali.

Kenya, mwaka 2022, tume yao iliweka hadharani mtandaoni fomu za matokeo ya urais kutoka vituo zaidi ya 46,000. Inawezekana.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 ungetuwezesha kusoma mtaa kwa mtaa, lakini vyama vikuu vya upinzani vilijitoa na CCM ikapita bila kupingwa sehemu nyingi. Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kwenye karatasi ya kura. Kura ya namna hiyo haipimi mwelekeo wa mtu yeyote.

4. Mapendekezo

Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ichapishe matokeo ya kila kituo, ya urais, ubunge na udiwani, yakiwemo ya miaka iliyopita. Halmashauri za Jiji la Arusha na Meru zitenge kabati, angalau kabati, la nyaraka za uchaguzi zilizo wazi kwa mwananchi. TAMISEMI ifanye hivyo hivyo kwa matokeo ya chaguzi za mitaa, vijiji na vitongoji. Vyama vitunze nakala za mawakala wao, kesi iwepo isiwepo. Vyuo vyetu viwape wanafunzi kazi ya kuzipiga picha fomu siku ile ile zinapobandikwa. Viongozi wa dini na wa mila waache kutaja kabila wanapoeleza kura, mpaka matokeo ya kituo yapatikane. Narudia kwa makusudi: matokeo ya kituo yachapishwe.

Aliye na nakala ya fomu ya 2010, 2012 au 2015, hata iliyochanika, namwomba anione kabla hatujaachana leo niipige picha.