Hotuba ya Mwenyekiti: Bungua Ndani ya Kahawa Zetu



Mweka hazina ameshasoma hesabu za miaka kumi, mimi sitazirudia. Nimeomba nafasi niseme habari ya mdudu. Najua wapo watakaocheka, sikukuu kubwa hivi mtu anazungumzia mdudu! Lakini mikopo yetu mingi inarudishwa kwa fedha ya kahawa. Kahawa ikikauka, na marejesho yanakauka.

Mdudu huyo ni bungua mweupe wa shina. Mama yake ni dundu wa kijivujivu mwenye pembe ndefu. Mvua zikianza anataga kwenye ganda la shina, huku chini karibu na ardhi. Mtoto akitoka anakula chini ya ganda akilizunguka shina, halafu anatoboa na kuingia ndani ya mti wenyewe. Humo anakaa mwaka na nusu, hata miwili. Kwa hiyo majani yakigeuka manjano na sisi tukasema ni jua, kumbe mwenzetu ni mwenyeji wa siku nyingi. Mche mdogo hufa kabisa. Sisi wa huku Makumira tunaumia kuliko wenzetu wa juu mlimani, maana anapenda mashamba ya chini yenye joto.

Wengine wanajitapa, mimi nimepanda miche mipya ya TaCRI wa Lyamungu, sina wasiwasi. Miche ile ni mizuri, inastahimili chulebuni na kutu ya majani. Bungua ni jambo jingine. Ikaguliwe vilevile.

Zamani watu walipaka dieldrini shinani. Ile ni sumu inayokaa miaka kwenye udongo, na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliikataza. Jamani, asinunue mtu chupa isiyo na karatasi huko sokoni. Kazi hii ni ya mikono. Sugua shina kwa gunzi au kipande cha gunia hadi lilainike, mdudu akose pa kutagia. Usitumie panga, utaujeruhi mti. Ukiona unga kama wa msumeno unamwagika chini, tafuta tundu, ingiza waya mwembamba, umchome humo humo.

Sasa lile linalotuuma. Mti ulioliwa sana inabidi ung'olewe na kuchomwa moto mdudu akiwa bado ndani, kabla hajarukia shamba la jirani. Lakini tangu zamani kahawa ni ya baba, ndizi ni za mama. Kupalilia ni mama, kusugua ni mama, ila kung'oa mpaka baba akubali, na baba anauhurumia mti wa marehemu baba yake wenye majani mawili. Akina baba, siwagombezi, pilau yetu mmekula. Nawaomba mpite shambani pamoja na wake zenu.

Kamati inapendekeza hivi: nyumba itakayokagua na kung'oa miti mibovu ikopeshwe fedha ya miche bila riba hadi mavuno ya kwanza, kama miaka mitatu hivi. Wapo waliosema mfuko utayumba. Nimewasikia, na ni kweli tutagawana kidogo mwisho wa mwaka. Mimi naona heri hivyo kuliko kumdai mtu aliyebaki na kuni. Kura tutapiga mkutano wa Jumamosi ijayo, saa nane. Kila mama aje na baba.