Akitoka Gerezani Anakwenda Wapi?

Hotuba iliyotolewa kwenye semina ya kamati za parokia



Tarehe 9 Desemba 2019, kwenye sherehe za Uhuru jijini Mwanza, Rais Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533. Tulishangilia, na ilistahili. Lakini mtu akishavuka lango la gereza huwa na swali moja: leo nitalala wapi?

Kuna kijana niliyekuwa nikimtembelea gerezani. Jina lake nalihifadhi. Alifungwa kwa wizi. Huko ndani alijifunza useremala, akawa fundi mzuri wa milango. Alipotoka alikuta mama yake amefariki, chumba chake kina mpangaji, na kaka zake hawataki kumwona. Msumeno na randa vilibaki kwenye karakana ya gereza. Fundi asiye na randa ni kibarua tu, tena kibarua asiyeaminiwa.

Aliletwa kwenye kamati yetu. Nakiri mbele yenu, maana katibu nilikuwa mimi: tulimpa nauli, nguo na nasaha nyingi. Wiki ya tatu kuku wa jirani walipotea, na mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wake. Jioni kuku wakaonekana, wamejificha jikoni kwa mwenyewe. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi, hata sisi. Akahama. Baadaye nilimkuta tena gerezani, na safari hii aliiba kweli.

Sheria zetu zimefungua njia: parole tangu 1994, na Huduma kwa Jamii tangu 2002, ambapo mwenye kifungo kifupi hufanya kazi za umma akilala kwake. Lakini lazima awe na "kwake". Hapo serikali haiwezi kufanya kazi ya ndugu na jirani.

Kwa hiyo naomba kila kamati iteue watu wawili wa kwenda kuonana na familia miezi kadhaa kabla mfungwa hajatoka. Kwenu wafadhili naomba zana: msumeno, randa, patasi, cherehani. Tumkopeshe, alipe kidogo kidogo. Vya bure tulishampa, havikumsaidia.

Kijana yule atatoka mwakani. Nimeshakwenda kwa kaka yake mkubwa. Hajakubali, ila ameniambia nirudi baada ya mavuno.